Chafya Isiyokwisha na Udugu wa Mimea



Mimea ina nasaba kama walivyo nayo watu, na mwili wa mwanadamu, kwa hikima ya Muumba wake, una kumbukumbu ya sura zilizowahi kupita mbele yake. Mambo hayo mawili yakikutana vibaya huzuka maradhi ambayo nyumba nyingi za pwani huyaita mafua tu, ilhali si mafua. Mafua huja na homa kidogo, yakakaa siku saba au kumi, yakaondoka. Haya nisemayo hayana homa. Huanza asubuhi kwa chafya kumi au kumi na tano mfululizo, maji membamba yakatiririka puani, macho yakawasha hata mtu akayasugua mpaka yakawa mekundu, na kaakaa likanyegea. Hukaa wiki, pengine miezi, kisha hutulia, na mwaka ufuatao hurudi katika majira yale yale. Huu ndio mzio, au aleji kama wengi wetu tulivyozoea kusema.

Nimeandikiwa na mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, kuhusu binti yake wa miaka tisa. Kila baada ya mvua, majani yanapochanua, mtoto hupiga chafya mpaka hukosa masomo. Hilo wamelizoea. Lililowatisha mwaka huu ni kwamba mtoto ameanza kulalamika kuwa akila ndizi mbivu au tikiti, midomo na ulimi vinamwasha. Jirani mwenye nia njema akampangia mama huyo miiko: asimpe mtoto ndizi, wala embe, wala mayai, wala samaki, wala maziwa, wala kitu kilichotiwa nazi. Badala yake ampe chai ya babunaji, yaani kamomili, iliyokolezwa asali. Mama anasema binti amekonda, chafya ziko pale pale, na siku mbili alizokunywa chai ile uso ulimvimba. Anauliza: kuna uhusiano gani baina ya majani ya njiani na ndizi ya mezani?

Uhusiano upo, na ni wa ajabu. Lakini kwanza tujue adui ni nani.

Chavua ni ile ungaunga itokayo katika sehemu ya kiume ya ua. Maua yamegawika makundi mawili kwa namna yanavyoisafirisha. Yenye rangi na harufu, kama asmini na waridi, huwategemea nyuki na vipepeo. Chavua yao ni nzito, yenye kunata, na ni kidogo sana iendayo hewani. Yasiyo na uzuri wowote, kama ya nyasi na magugu, hayana la kumvutia nyuki, hivyo huipa upepo amana yao, na kwa kuwa upepo hauna dira, humwaga chavua kwa wingi usiokadirika. Mmea mmoja wa ambrosia, gugu la Marekani, hukadiriwa kutoa hadi punje bilioni 1 kwa msimu. Kwa hiyo ua linaloonekana mara nyingi halina hatia, na lisiloonekana ndilo lenye makosa. Kule Marekani watu kwa vizazi walililaumu ua moja zuri la manjano, Solidago, kwa sababu huchanua wakati ule ule wa ambrosia. Ambrosia yenyewe, ya kijani na isiyotazamika, ilikuwa imesimama pembeni yake.

Hapa sina budi kumtaja tabibu wetu Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi, aliyeishi Rayy na Baghdad na kufariki katika karne ya 10. Aliandika risala fupi juu ya sababu ya mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi kushikwa na mafua kila anaponusa waridi katika majira ya machipuko. Huyu al-Balkhi ndiye mwandishi wa kitabu mashuhuri cha siha ya mwili na nafsi. Risala ile ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayoeleza maradhi haya yajayo kwa msimu. Mimi napenda kukumbuka kwamba mgonjwa alikuwa mtu wa elimu na tabibu hakumwambia kuwa ni wasiwasi wake. Wangapi katika akina mama zetu wameambiwa hivyo?

Ilipita karibu miaka elfu moja ndipo Charles Blackley, tabibu wa Manchester huko Uingereza aliyekuwa mwenyewe mgonjwa wa chafya, akathibitisha katika kitabu chake cha mwaka 1873 kwamba chavua ndiyo chanzo. Alijipaka chavua kwenye ngozi aliyoikwaruza, akaona uvimbe, na akarusha tiara zenye vioo vya kunata ili kujua chavua hufika juu kiasi gani. Neno lenyewe aleji lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, tabibu wa Vienna.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Mtu mwenye maumbile ya mzio, akivuta chavua fulani mara nyingi, mwili wake huidhania kuwa ni adui na kutengeneza kingamwili aina ya IgE. Tuzifananishe kingamwili hizo na bawabu aliyeamrishwa kumzuia mtu fulani, naye hakupewa jina wala picha, ila ameambiwa tu kwamba mtu huyo huvaa kofia ya namna fulani. Kofia hiyo ni umbo dogo katika protini ya chavua. Siku akija mtu mwingine kabisa, hana kosa, lakini amevaa kofia iliyoshonwa kwa mfano ule ule, bawabu atapiga kelele. Kelele hizo ni kemikali iitwayo histamini, nayo ndiyo inayowasha, inayovimbisha na inayoleta chafya. Kosa hili la bawabu wataalamu huliita mzio mtambuka.

Kofia hufanana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni udugu wa karibu. Tuchukue gugu ambalo wenzetu wa Tanzania huliita gugu karoti, na kwa jina la kitaalamu Parthenium hysterophorus. Asili yake ni nchi za Amerika zenye joto. Lilionekana Pune, India, katika miaka ya 1950, likaenea bara zima lile, kisha likashika Ethiopia, na leo limo katika sehemu nyingi za Kenya, hasa kando ya barabara na katika malisho yaliyochoka. Majani yake yamechanika kama ya karoti, na vichwa vya maua yake ni vidogo, vyeupe, kama nyota zenye pembe tano. Huchanua ndani ya wiki chache tu baada ya kuota, na mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, ambazo husafiri kwa matope ya magurudumu, kwa nafaka na kwa majani ya ng'ombe.

Jina lisikuhadae, msomaji. Gugu karoti si ndugu wa karoti. Limo katika ukoo wa alizeti, ukoo mmoja na ambrosia, pamoja na pakanga, babunaji na pareto. Watafiti wa India walipopima damu za wagonjwa walikuta kwamba kingamwili zilizoundwa kwa ajili ya chavua ya gugu karoti hushika pia chavua ya ambrosia, na kinyume chake. Maana yake ni kwamba kijana aliyezoea kupiga chafya kando ya njia zetu akienda kusoma Marekani au Hungaria, aweza kuugua katika msimu wake wa kwanza wa ambrosia, gugu ambalo hajapata kuliona maishani mwake.

Na hapa ndipo lilipo jibu la chai ya babunaji. Ua lile ni la ukoo huo huo, na kinywaji chake kina chavua yake. Matabibu wamewahi kuandika habari za watu wenye mzio wa chavua ya jamaa ya pakanga waliopatwa na madhara makubwa baada ya kunywa chai hiyo, mmoja wao akiwa ni mtoto. Asali nayo hubeba chavua ya maua aliyoyatembelea nyuki, na yakiwa ni maua ya ukoo wa alizeti, mgonjwa wa namna hii aweza kudhurika. Sisemi asali si tiba. Nasema kwamba mtoto huyu, kwa hali yake hii, baada ya uso kuvimba, asipewe tena babunaji wala asali mpaka aonwe na tabibu. Na kwa kuwa najua swali litakalofuata: habasoda haimo katika ukoo huu, ina ukoo wake mwingine, hivyo maneno haya hayaihusu.

Pareto nayo ina kisa chake, na hapa Kenya twapaswa kukijua, maana kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa ya mbele duniani kwa kuilima. Dawa za wadudu zilizotengenezwa zamani kwa maua ya pareto yaliyosagwa tu ziliwadhuru wenye mzio wa ambrosia, kwa sababu ya udugu. Dawa iliyosafishwa vizuri haina sana tatizo hilo. Moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma ni jambo jingine. Huo humkera mwenye pumu kwa kuwa ni moshi, kama vile moshi wa udi na ubani unavyomkera. Natumaini akina mama hawatanikasirikia nikisema kwamba nyumba yenye mtoto wa pumu, chetezo kikae nje ya chumba anacholala.

Udugu wa karibu una mfano mwingine unaowagusa jamaa zetu waliofanya kazi Ghuba. Huko Kuwait na Saudia chavua ya mimea ya chumvi ya jangwani, jamaa ya Salsola, ni miongoni mwa zinazowasumbua watu zaidi. Mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na mchicha. Dada aliyekaa huko miaka sita, akarudi nyumbani na chafya ambazo hakuondoka nazo, akajikuta anaugua karibu na mchicha pori unaochanua uani, asifikiri ametupiwa kitu. Bawabu wake alifundishwa kule, amekuja nae huku. Na mchicha uliopikwa na nazi aule kwa raha zake, kwani kinachomsumbua ni chavua ya ua.

Sababu ya pili ya kofia kufanana haitokani na udugu wa karibu, nayo ndiyo inayojibu habari ya ndizi. Zipo protini ambazo mimea karibu yote inazo kwa sababu kila chembe hai yazihitaji katika ujenzi wake. Mojawapo huitwa profilini. Iko katika chavua ya magugu, iko katika tikiti, ndizi na tango, na umbo lake halikubadilika sana toka mmea hadi mmea, hata kama mimea hiyo haina nasaba ya karibu. Tangu mwaka 1970 matabibu wa Marekani waliandika kwamba baadhi ya wagonjwa wa ambrosia huwashwa kinywani wakila tikiti na ndizi. Binti wa mama yetu, kwa dalili alizozieleza, yaelekea ana jambo la namna hiyo.

Uzuri wake ni kwamba profilini ni dhaifu. Moto huivunja, na tindikali ya tumbo huivunja. Ndiyo maana muwasho huishia midomoni na kooni, aghalabu hutulia ndani ya nusu saa, na ndiyo maana mtoto yule yule anayewashwa na ndizi mbivu hula ndizi za kupikwa bila shida. Si protini zote zenye udhaifu huo, hata hivyo. Wenye mzio wa chavua ya pakanga na jamaa zake huko Ulaya wamejulikana kudhurika kwa selari, karoti, dania, shamari na bizari nyembamba, na baadhi ya protini za viungo hivyo hustahimili moto. Mtu akipatwa na mabaka ya kuvimba mwilini kila alapo pilau, asiulaumu mchele wala nyama kabla ya kuvichunguza viungo.

Narudi kwa ile orodha ya jirani, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Embe, mayai, samaki, maziwa na nazi vimeingiaje humo? Mtoto hajadhurika kwa kimojawapo. Kumnyima mtoto anayekua vyakula hivyo vyote ni kumletea udhaifu wa hakika kwa kukimbia dhara ya kudhania tu. Na hata vipimo vya hospitali vyahitaji ufahamu. Kipimo cha ngozi au cha damu chaweza kuonyesha kwamba kingamwili za mtoto zinaitambua ngano, njugu au nyanya, ilhali mtoto huvila kila siku na hapati lolote, kwa sababu tu kofia imefanana kidogo. Kipimo hicho hakitoshi kuwa hukumu. Kinachohukumu ni kile kinachotokea mtoto anapokila chakula. Mama akiletewa karatasi yenye alama ishirini za kujumlisha, amuulize tabibu kwa adabu: ni vipi katika hivi vimemdhuru kweli? Na vinavyoliwa bila madhara viendelee kuliwa.

Kwa ndizi mbivu na tikiti, amwachishe binti hadi aonwe na tabibu, na ampe ndizi za kupikwa kama zamkubali. Lakini zipo dalili ambazo hazingoji miadi: mabaka yanayoenea mwilini, uvimbe wa koo au ulimi, sauti kukwama, kifua kupiga miluzi, kutapika kwa ghafla, au kuzimia baada ya kula. Hapo ni hospitali papo hapo, kwa dawa ya sindano iitwayo adrenalini. Asipewe maziwa, wala asisomewe kwanza ndipo apelekwe. Asomewe njiani. Uso uliovimba baada ya ile chai ni onyo ambalo tabibu apaswa kuelezwa kwa ukamilifu.

Tiba ya chafya zenyewe ipo na si ghali sana. Vidonge vya kuzuia histamini vya zamani huleta usingizi, na mtoto wa shule huonekana mvivu kumbe amelewa dawa. Vya kisasa, kama setirizini na loratadini, havilevyi kiasi hicho. Kwa pua iliyoziba kila siku, dawa ya kupuliza yenye steroidi kidogo ndiyo yenye nguvu zaidi, ila hutaka subira, kwani hufanya kazi baada ya siku kadhaa za kuitumia bila kuacha. Yale matone ya kuzibua pua yanayouzwa kila duka yasitumiwe zaidi ya siku chache mfululizo, kwa sababu pua huyazoea, na yakiachwa huziba kuliko mwanzo. Na mtoto ambaye chafya zake zimeshuka kifuani, anakohoa usiku na kupiga miluzi, huyo ana pumu au yuko njiani kuipata. Nimesikia mara nyingi wazazi wakimficha binti inhela yake, eti atazoea, au eti watu wa posa watasikia. Inhela haileti uraibu. Pumu iliyofichwa ndiyo inayoua.

Nyumbani, madirisha ya upande wa magugu yafungwe asubuhi katika majira ya maua, nguo na shuka za mgonjwa zisianikwe juu ya majani, na mtoto aoge na kubadili nguo arudipo toka kucheza. Kuisafisha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, huondoa chavua na kupunguza dalili, na wenye kutawadha tayari wameshazoea kuingiza maji puani. Gugu karoti ling'olewe na shina lake kabla halijachanua, udongo ukiwa na maji, kwa glavu na mikono mirefu. Utomvu wake na vumbi lake huleta upele mkali wa ngozi, hasa kopeni na shingoni, na hayo ni madhara mengine yasiyotokana na chavua peke yake. Watoto wasitumwe kazi hiyo. Wala maua yake meupe yasichumwe kupambia, kama inavyofanywa Pakistan, ambako limeonekana likitiwa katika mashada.

Limebaki swali ambalo wasomaji wa safu hii huniuliza kila mwaka ikikaribia Ramadhani: dawa ya kupuliza puani inafunguza? Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba matone na dawa ya kupuliza puani haviharibu saumu iwapo mtu atajiepusha na kumeza kilichopenya hadi kooni. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kinachopita puani kikafika ndani hubatilisha saumu, na wengi wa masheikh wa pwani wameshikamana na hilo. Lakini mgonjwa wa chavua hana haja ya kuingia katika hitilafu hii. Dawa ya pua yenye steroidi aghalabu hutumiwa mara moja kwa siku, na kidonge cha setirizini kadhalika. Aitumie baada ya kufuturu au wakati wa daku, saa ile ile kila siku, na atakuwa ameipata saumu na dawa pia. Mwenye pumu inayombana mchana ana hukumu yake, naye asingoje magharibi ndipo avute inhela.